Shukrani ya Viungo: Siku Zangu 40 za Kwanza Tanga

Siku ya 1

Tumeondoka Tabora alfajiri. Baba watoto alitangulia miezi miwili iliyopita kuripoti kazini bandarini Tanga, mimi nikabaki kusubiri barua ya uhamisho na watoto wamalize mitihani. Mizigo yetu ni mabegi manne, godoro, cherehani na dumu la lita tano la asali. Mama alilifunga dumu lile kwa mikono yake, akakaza kifuniko kwa nailoni na kamba. Wakati wa kuagana akaninong'oneza, "Usilie mbele ya watoto."

Nililia Itigi, walipokuwa wamelala.

Miezi minne nyuma nilipimwa sukari Tabora nikaambiwa "imeanza kupanda." Mama yangu ana kisukari mwaka wa tisa sasa. Naijua njia hiyo inakoelekea, nimemsindikiza kliniki mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Na bado njiani leo nimekunywa soda tatu, kwa sababu kila basi liliposimama roho iliniuma na sikuwa na kitu kingine cha kuituliza. Tunalala Dodoma.

Siku ya 2

Morogoro, Chalinze, halafu njia ya kaskazini: Wami, Mkata, Kabuku. Segera tukakata kulia na nchi ikabadilika. Mkonge mistari kwa mistari, Hale, kisha Muheza na machungwa yamepangwa mafungu kando ya lami. Binti yangu alidhani ni mapambo. Mzee mmoja kiti cha nyuma akawa anamwambia mwenzake ule msemo wa Tanga, "waja leo, waondoka leo." Kwake ulikuwa utani wa kwao. Mimi moyoni nikajibu kwamba sisi hatuondoki, hata tukitaka.

Nyumba tuliyopanga iko Ngamiani, kwenye mitaa inayoitwa kwa namba, barabara ya ngapi na ya ngapi. Nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uani jiko na choo. Tumefika jua limezama. Nikatandika mswala, nikasimama, nikagundua kwamba sijui kibla kiko wapi. Simu imezima, umeme haupo, baba watoto kaenda kutafuta chakula. Nikatoka ukumbini nikapiga hodi mlango wa pili.

Akafungua bibi mmoja mwembamba, kanga mbili, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, bibi. Samahani, kibla kiko upande gani?"

"Marahaba mwanangu. Ndiyo kwanza mwafika? Pole na safari. Geukia kule kwenye mpapai wangu."

Dirisha la chumba chetu linatazama uani, na mpapai umesimama pale pale. Nikaswali nikiuelekea. Baadaye nilitazama ramani: Makka iko karibu kaskazini kamili ya Tanga. Tabora tulikuwa tunaelekea kaskazini na kupinda kidogo mashariki. Hata kusimama mbele ya Mola wangu nimelazimika kujifunza upya, na usiku ule neno hilo lilinitia uchungu zaidi kuliko faraja.

Siku ya 3

Kufungua mizigo. Dumu la asali lililazwa kwenye buti la basi, ingawa nilisema mara mbili lisimame wima. Zaidi ya nusu imevuja. Godoro limelowa, begi la sare za shule limegandamana, sisimizi wa Tanga wameshapata habari. Nilikaa chini sakafuni nikifuta asali ya mama kwa kitambaa, nikakamua kitambaa, nikafuta tena.

Halafu nikachemsha chai, vijiko vitatu vya sukari kama kawaida yangu, nikanywa vikombe viwili na mkate mzima wa siagi. Alhamdulillah, nikasema nilipomaliza. Nimelisema neno hilo tangu sijajua kusoma. Leo nimelisikia likinitoka mdomoni kama mtu anavyofunga mlango.

Siku ya 5

Sokoni Mgandini. Macho hayatoshi: papai, mananasi, magimbi, muhogo mbichi wenye udongo, nazi zimerundikwa kama mawe ya kujengea, matunda ya Lushoto kwenye masusu. Mafungu ya mboga nisiyoijua, majani marefu yenye meno meno. Mama muuzaji kaniambia ni mchunga. Nikauliza mtamu? Wakacheka watu watatu kwa pamoja.

Sikuununua. Nimenunua mahamri kumi na mbaazi za nazi za asubuhi, na jioni viazi karai. Wanaojua kukaanga duniani naamini wengi wao wako mtaa huu.

Siku ya 8

Kliniki, bila kula kitu tangu usiku. Sukari 6.7. Presha 146 kwa 92. Nesi, binti wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, alinieleza taratibu bila kunikaripia. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 6.1 hadi 6.9 mtu yuko mlangoni, ikifika 7.0 na kipimo kikarudiwa kikasema vile vile, ameshaingia ndani. "Wewe uko mlangoni, mama. Mlangoni mtu anaweza kugeuka."

Akaniomba nihesabu sukari ya siku moja. Vikombe vinne vya chai, vijiko vitatu vitatu: kumi na viwili. Kijiko cha chai ni kama gramu 4, kwa hiyo karibu gramu 48 kwa chai peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema ukiweza shuka chini ya 25 kwa siku, ukijumlisha kila kitu. Soda moja ya chupa ndogo inatosha kulivuka hilo.

Nikamwambia, basi nitatia asali, asali ni shifa. Hapo nilibishana naye hasa, maana jambo hili kwangu ni la imani na tena ni la kwetu. Tabora asali si kitafunwa, ni heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Asali ni shifa, mama, sikatai. Lakini damu yako ikiipokea inaihesabu ni sukari. Shifa ina kipimo chake."

Nimerudi nyumbani nimenuna. Njia nzima sikupata jibu la kumpa.

Siku ya 9

Chai bila sukari. Kichwa kinauma. Nimewafokea watoto bila kosa, nikawaomba radhi.

Siku ya 11

Siku hii nataka kuiandika yote.

Asubuhi nilimpelekea Bi Mkubwa, yule bibi wa mlango wa pili, kikombe cha asali iliyosalia. Akaonja kwa ncha ya kidole, akafumba macho, akasema kitu kwa sauti ndogo, nadhani dua. Halafu akaniuliza kwa nini nimekonda uso na mwili sijakonda. Nikamwambia habari ya sukari. Hakuonyesha kushtuka. "Ingia jikoni, mwanangu."

Alikuwa na vibua sita toka Deep Sea, pale mnadani wanapoteremshia samaki. Alisema huu ni msimu wa kusi, bahari imechafuka, samaki wakubwa bei yao haishikiki, lakini vibua hawakosekani. Akawapaa magamba kwa kisu kidogo, kutoka mkiani kwenda kichwani, akawatoa matumbo, akawakata mikato miwili mbavuni. Ndimu mbili akazikamulia humo. Kwenye sufuria: vitunguu thomu alivyovitwanga na chumvi, si kijiko, ni alichoshika kwa vidole vitatu, nyanya mbili, pilipili nzima bila kuipasua, maji yasiyowafunika samaki. Akafunika. Hakuna mafuta. Nilisubiri aseme "sasa leta mafuta," hakusema. Hakuna nazi pia.

"Hii ni chukuchuku. Zamani mtu akiumwa ndiyo chakula chake. Sasa watu mpaka waumwe ndiyo waikumbuke."

Pembeni alichemsha mchunga, ule ule wa sokoni. Aliuchambua, akaukatakata mwembamba, akauchemsha akamwaga maji ya kwanza, akautia kitunguu na nyanya na tui jepesi kidogo, tui la mwisho lile la maji, si la kwanza. Bada akasonga mwenyewe, unga wa muhogo, wa kijivu, unavutika mkononi kama gundi. Nikamegewa tonge la ukubwa wa ngumi. Nilikuwa natazama sufuria. Akaona.

"Hilo lakutosha. Mtume wetu katufunza tumbo lina theluthi tatu: ya chakula, ya maji, ya pumzi. Wewe mwenzangu hiyo ya pumzi umeipangisha."

Mchunga ni mchungu kweli, uchungu unaokaa nyuma ya ulimi. Lakini ukila na mchuzi wa ndimu na nyama ya kibua uchungu ule unageuka kitu kingine, sijui niuite nini, kama mtu aliyenuna kisha akakubali. Nilikula polepole kwa sababu mifupa ya kibua haikuruhusu haraka. Nilipomaliza nilikuwa nimeshiba na sikuwa nimechoka. Kwa miaka mingi nilidhani kushiba na kuchoka ni kitu kimoja.

Siku ya 13

Bi Mkubwa amenipeleka kwenye darsa la akina mama baada ya Alasiri, nyumba ya mtaa wa nyuma. Tanga ni mji wa elimu ya dini, hilo nililisikia hata Tabora, lakini sikutegemea kukuta wanawake arobaini na ushei wamekaa mkekani, na daftari mikononi, wengine wamebeba watoto.

Somo lilikuwa shukrani. Mwalimu wetu alieleza kwamba shukrani ina mahali patatu: moyo ukiri kwamba neema imetoka kwa Allah, ulimi umsifu, na viungo viitumie neema ile kwa namna inayomridhisha. Akatoa mfano wa mtu aliyepewa kanzu nzuri, akashukuru kwa maneno mazuri, kisha akaenda kuipigia deki.

Nilishika kalamu nisiandike. Mwili wangu ni amana. Miaka yote hii nimeushukuru kwa ulimi, nikaupigia deki.

Kwenye foleni ya kutoka watu wananiita Mama Tabora. Nimeipenda.

Siku ya 17

Alhamisi. Nimefunga, baada ya kumuuliza nesi. Kwa kuwa situmii dawa aliniruhusu, akasema nikitetemeka au kizunguzungu kikinishika nifungue pale pale. Nilipanga nianze kupika saa kumi na mbili jioni. Adhana ikanikuta na kisu mkononi, saa kumi na mbili na dakika ishirini na kitu. Mwili wangu bado ulikuwa unahesabu kwa jua la Tabora. Huku pwani jua linazama mapema kama dakika ishirini na tano, saa zetu ni zile zile ila jua halizijui.

Basi nikafungua kwa nilichokuwa nacho: tende moja, maji, kipande cha papai kutoka kwenye mti wa kibla. Nikaswali. Ndipo nikapika, nikiwa sina ile njaa ya kuvamia. Futari ya leo: gimbi lililochemshwa, samaki, mchicha. Sukari kwenye uji nimeacha, nimetia pilipili manga na ndimu. Baba watoto alionja, akanyamaza, akaongeza.

Siku ya 18 hadi 22

Shule mpya, madarasa yamejaa, sina la kulalamika zaidi ya sauti kukauka. Natembea kwenda na kurudi, dakika kumi na tano kila upande. Siku tano, dakika 150 kwa wiki, na hicho ndicho kiwango cha chini wanachopendekeza. Nilikuwa nikidhani mazoezi yanahitaji viatu maalumu.

Siku ya 24

Harusi ya mjukuu wa jirani. Pilau, biriani, sambusa, kaimati zinametameta shira. Nilikula sahani mbili za pilau na sijui kaimati ngapi, na usiku nikalala vibaya, moyo unakwenda mbio. Naandika kwa sababu nimejiahidi kuandika ukweli. Asubuhi nilidhani nimeharibu kila kitu. Nikaona aibu kwenda hata kwa Bi Mkubwa, nikapita uani kimya kimya.

Akaniita dirishani. "Jana ilikuwa harusi. Leo si harusi. Njoo uchambue mboga."

Siku ya 27

Jumapili, tumekwenda Tongoni na watoto, njia ya Pangani. Msikiti wa kale umebaki kuta, mibuyu imezunguka, makaburi yenye nguzo yamesimama mengine yameanguka. Niliingia ndani ya msikiti nikatafuta mihrabu. Imebaki. Nikasimama mbele yake na nilijua, bila ramani wala mpapai, kwamba inatazama sawasawa, kaskazini. Watu waliosimama hapa karne tano au sita zilizopita walielekea pale pale ninapoelekea kila siku uani kwangu.

Niliwasimulia watoto jambo ninalolipenda katika historia ya pwani hii. Mwaka 1498 meli moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya mchanga ya upande huu wa Mtang'ata, jina la zamani la Tongoni. Wenyeji wakawafuata na vyombo, kimoja kimebeba machungwa, na Wareno wenyewe wakaandika kwamba ni mazuri kuliko ya kwao. Mwaka uliofuata, wakati wa kurudi, meli ile ile wakaichoma moto hapo hapo kwa kukosa mabaharia wa kutosha.

Mwanangu mdogo akauliza, "Kwa hiyo machungwa ya Muheza ni ya zamani hivyo?" Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nikatoa matatu kwenye kikapu tukayamenya tumekaa kwenye kivuli cha mbuyu, juisi inatutiririka mpaka kwenye viwiko. Chungwa zima na nyama zake, si juisi ya glasi iliyotiwa sukari. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma kutoka baharini na sikuwa nawaza Tabora. Niligundua hilo baadaye tu, kwenye daladala.

Siku ya 31

Nimenunua ng'onda, samaki mkavu, nikaufurahia mchuzi wake siku mbili. Nesi kanikumbusha kwa simu: chumvi. Kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima ndiyo mwisho, gramu 5, na kipande cha ng'onda kinaweza kubeba sehemu kubwa ya hiyo. Bi Mkubwa anasema loweka usiku, mwaga maji, loweka tena, na usitie chumvi nyingine. Nimefanya hivyo. Kimebaki na ladha yake.

Siku ya 38

Sukari 6.2. Presha 134 kwa 84. Uzito umeshuka kilo mbili na nusu. Nesi akatabasamu, akasema bado niko mlangoni ila sasa nimegeuka uso. Nimempelekea chupa ndogo ya asali ya mama, ile ya mwisho kabisa. Nikamwambia kijiko kimoja kwa siku, shifa ina kipimo. Akacheka mpaka akafuta macho.

Nikatoka nje, nikasimama kwenye ukingo unaotazama ghuba. Kisiwa cha Toten kiko mbele, maji yametulia, mashua moja inaingia. Nikasema alhamdulillah. Nilisikia kila herufi.

Siku ya 40

Mama kapiga simu usiku. Watoto wameshamaliza kumsimulia Tongoni, nikapewa simu.

"Mnakula nini huko, mwanangu? Maana huko ni nazi tupu, nasikia."

Nikamwambia habari za vibua na chukuchuku, ndimu, pilipili nzima. Nikamwambia mchunga.

"Mchunga ndio nini?"

"Mboga, mama. Chungu. Majani marefu yana meno meno, ukikata shina linatoa maziwa meupe. Maua yake ya njano madogo."

Akanyamaza. Nilidhani simu imekatika.

"Maziwa meupe? Unaota chini chini, mizizi yake haing'oleki?"

"Ndiyo, huohuo."

"Si ule tunaoung'oa kwenye shamba la karanga tunautupa?"

Mama yangu, miaka tisa ya vidonge. Shamba la karanga liko hatua mia moja kutoka jikoni kwake.

"Unachemsha, mama, unamwaga maji ya kwanza."

"Ngoja kwanza. Subiri hapo, usikate." Nikamsikia anaweka simu mezani, anavuta malapa, anamwita mtoto wa kaka alete tochi. Mlango wa nyuma ukalia, ule mlango ambao naujua mlio wake. Nimekaa ukumbini na simu sikioni, natazama mpapai kwenye mwanga wa mwezi, nikisikiliza nyayo zao zikishuka kuelekea shambani.